Wadi Zinapoteremka: Hatari ya Mafuriko ya Ghafla Katika Milima ya Oman

Mazungumzo haya yanakujieni kutoka Muscat, mji mkuu wa Oman, au Maskati kama walivyozoea kuuita wazee wetu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mada yetu ni ya milimani. Tunakusudia kuzungumzia mafuriko ya ghafla yanayoteremka katika mabonde ya Milima ya Hajar, hasa katika majira ya machipuo, na namna ya kujilinda kwa wale wanaotoka mjini siku za mapumziko kwenda kutembea, kuogelea na kupiga kambi katika mabonde hayo. Nakuombeni mtege sikio hadi mwisho.

*

Wapenzi wasikilizaji, katika nchi zenye milima ya baridi kali, kama vile Uswisi, Austria na Ufaransa, machipuo ni majira ya kuchunga. Theluji iliyojikusanya milimani kwa miezi kadhaa huanza kulainika kwa joto la jua, na mteremko uliokuwa mgumu kama jiwe alfajiri huweza kuporomoka ifikapo adhuhuri na kumfukia mtu anayeteleza juu yake. Ndiyo maana katika nchi hizo, kwa msimu wote wa theluji, hutolewa taarifa maalumu ya hatari ya maporomoko, yenye ngazi tano kuanzia hatari ndogo hadi hatari kubwa kabisa, na mtu mwenye busara haiendei milima kabla ya kuisoma.

Oman nayo ni nchi ya milima. Safu ya Hajar inaanzia Musandam upande wa kaskazini, inapinda sambamba na pwani, na inakwenda kuishia karibu na Ras al Hadd, upande wa mashariki, baada ya mamia ya kilomita. Kilele chake kirefu zaidi, Jabal Shams, yaani Mlima wa Jua, kina urefu wa takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Huko juu, katika baadhi ya miaka, maji huganda usiku wa majira ya baridi na hata theluji huanguka, na watu wa miji ya chini hupanda na watoto wao kwenda kuitazama. Hata hivyo theluji hiyo ni haba na huyeyuka upesi. Haina uzito wa kumfukia mtu. Kile ambacho milima ya Oman humporomoshea mwanadamu ni maji.

Hapa inafaa tufafanue neno moja ambalo tutalitumia sana. Waswahili wengi wakisikia wadi hukumbuka chumba cha wagonjwa hospitalini, na wasikilizaji wetu wa Kenya huenda wakakumbuka eneo la uchaguzi wa diwani. Wadi tunayoizungumzia hapa ni neno la Kiarabu lenye maana ya bonde au mkondo wa mto usio na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watanzania wengi wangeuita korongo, na wenzetu wa kaskazini mwa Kenya wanauita laga. Wadi moja huweza kukaa miezi, au hata mwaka mzima, bila ya kupitisha tone la maji. Magari hupita ndani yake, mbuzi hulala chini ya migunga yake, na watoto hucheza mpira juu ya changarawe zake. Kisha siku moja wadi huteremka. Hivyo ndivyo wanavyosema wenyeji: wadi imeteremka, kana kwamba ni kiumbe hai kilichokuwa kimelala mlimani.

*

Suali linalojitokeza hapa ni hili: inakuwaje nchi kavu namna hii ikawa na hatari kubwa ya mafuriko? Muscat hupata wastani wa takriban milimita 100 tu za mvua kwa mwaka mzima, ilhali kisiwa cha Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500. Mtu aliyekulia Unguja, Tanga au Mombasa anapofika Oman huona kichekesho kuonywa kuhusu mvua.

Jawabu lake limo katika umbo la milima yenyewe. Milima ya Hajar ni miamba mitupu. Haina misitu ya kuizuia mvua, wala udongo wa kina wa kuinywa. Mvua inyeshayo katika mashamba ya Kilimanjaro hupokewa na majani ya migomba, ikaingia katika udongo, na kiasi tu ndicho kinachofika mtoni. Mvua inyeshayo juu ya jiwe la Hajar haina pa kuingia. Huteremka palepale, vijito mia moja vikakutana katika mkondo mmoja, na mkondo huo ukaingizwa katika korongo jembamba ambalo pengine upana wake ni hatua chache tu.

Hebu tufanye hesabu nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000 za maji, yaani tani 1,000. Sasa chukua mvua ya milimita 20, ambayo mkulima wa Mbeya hataiona kuwa ni kitu cha kushangaza. Mvua hiyo ikinyesha kwa saa moja juu ya milima yenye eneo la kilomita za mraba 50, maji yaliyoanguka ni tani milioni moja. Hata kama nusu yake tu ndiyo itakayofika katika korongo, hiyo ni nusu milioni ya tani, nayo haiji peke yake. Huja na mawe, matope, magogo na chochote ilichokikuta njiani.

Kuna jambo jengine ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Mvua inayoua katika wadi, aghalabu, si ile inayomnyeshea muhanga. Hunyesha kilomita nyingi nyuma ya mlima, mahali asipopaona, naye yuko chini katika maji ya rangi ya zumaridi, mbingu juu yake ni buluu, na jua linamchoma mabegani. Katika miezi ya machipuo, na hata katika kiangazi, mawingu ya radi hujijenga juu ya Hajar kwa kasi baada ya adhuhuri, na pengine hummwagia mlima maji kwa muda mfupi tu na kutoweka. Mtu aliye katika korongo huona kipande chembamba cha mbingu. Kwa hiyo kusema kwamba hapa hakuna mawingu si hoja. La kuulizwa ni hali ikoje kule maji yanakotoka.

*

Wapenzi wasikilizaji, mwezi Aprili mwaka 2024 Oman ilipata msiba ambao haujasahaulika. Siku ya Jumapili, tarehe 14 Aprili, mvua kubwa ilianza kunyesha katika mikoa ya kaskazini na mashariki. Katika eneo la Samad al Shan, wilaya ya Al Mudhaibi, mkoa wa Sharqiya Kaskazini, gari lililokuwa na wanafunzi lilizolewa na maji ya wadi. Katika siku zile chache watu wapatao 20 walipoteza maisha nchini, na miongoni mwao walikuwemo watoto wa shule. Siku mbili baadaye, tarehe 16 Aprili, hali hiyohiyo ya hewa iliifikia nchi jirani ya Imarati kwa nguvu kubwa zaidi, ambapo kituo cha Khatm Al Shakla, katika eneo la Al Ain, kilirekodi milimita 254 za mvua katika muda usiotimia saa 24. Mvua za siku hiyo zilielezwa kuwa kubwa zaidi nchini humo tangu kuanza kuwekwa kumbukumbu hizo mwaka 1949.

Ni kweli kwamba Oman imewahi kukumbwa na maafa makubwa zaidi kutoka baharini. Kimbunga Gonu cha mwezi Juni mwaka 2007 kiliua takriban watu 50 nchini na kukiharibu vibaya kitongoji cha Qurum hapa Muscat, na Kimbunga Shaheen cha tarehe 3 Oktoba mwaka 2021 kiliipiga pwani ya Batina. Lakini kimbunga hutangazwa siku kadhaa kabla ya kufika. Watu huhamishwa, shule hufungwa, kila mtu anajua. Mvua ya radi ya machipuo huweza kuzaliwa baada ya watu kumaliza chakula cha mchana na ikawa imekwisha kuua kabla ya swala ya magharibi.

Hatari hii si ya Oman peke yake. Wasikilizaji wetu wa Kenya watakumbuka yaliyojiri katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mwezi Aprili mwaka 2012, vijana waliokuwa katika matembezi ya kanisa walinaswa na maji ya ghafla ndani ya korongo la mbuga hiyo, na saba kati yao wakafa. Miaka saba baadaye, tarehe 1 Septemba mwaka 2019, msiba huo ulijirudia katika mbuga hiyohiyo, na kwa mara nyingine watu saba wakapoteza maisha, akiwemo mtu aliyekuwa akiwaongoza. Nchini Marekani, tarehe 12 Agosti mwaka 1997, watalii 11 waliangamia katika korongo la Antelope, jimboni Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali na pale walipokuwa. Nchi tatu, mabara matatu, lakini kisa ni kimoja: njia nyembamba yenye kuta ndefu, mvua isiyoonekana, na watu ambao wangesalimika lau wangekuwa juu mita chache tu.

*

Sasa tujiulize: je, watu hawa hawakuonywa? Mara nyingi huonywa. Tatizo ni kwamba onyo hupambana na mambo mengine yaliyomo katika nafsi ya mwanadamu.

La kwanza ni furaha. Katika nchi inayosubiri mvua miezi na miezi, mvua ni rehema. Watu huiomba katika swala maalumu. Inapokuja, familia huingia katika magari na kwenda kutazama wadi ikiteremka. Wazee hubeba birika za kahawa, vijana hubeba simu za kupigia picha. Hapana ubaya wowote katika furaha hiyo, na msemaji wenu hana nia ya kuikejeli. Lakini furaha hiyo humpeleka mtu ukingoni mwa maji katika saa ileile ambayo angepaswa kuwa mbali nayo.

Mambo mengine yamechunguzwa na wataalamu wa theluji, na inafaa tuyaazime. Mtafiti mmoja wa Marekani, Ian McCammon, mwanzoni mwa miaka ya 2000 alichambua mamia ya ajali za maporomoko ya theluji ili kujua ni kwa nini watu, hata waliopata mafunzo, waliingia katika miteremko iliyokuwa na dalili za wazi za hatari. Alibainisha mitego ya kifikra ambayo kila mmoja wetu ataitambua. Kuna mazoea: nimepita hapa mara ishirini, halijanipata neno. Kuna kung'ang'ania nia: tumeendesha gari saa tatu, hatuwezi kurudi bure. Kuna kumtegemea kiongozi: fulani anajua, tumfuate yeye. Na kuna kuwafuata wengine: mbona wale wamepita?

Mitego hii minne iliyowafukia watu katika theluji ndiyo inayowazamisha watu katika wadi. Dereva husimama mbele ya maji, anasita, kisha gari jengine linampita na kuvuka. Anajisemea kwamba ikiwa yule ameweza, na yeye ataweza. Hajui kwamba gari lile ni zito zaidi, wala hajui kwamba katika dakika zile mbili za kusitasita kwake maji yamepanda kiganja kizima. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Na tena wakasema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

*

Wapenzi wasikilizaji, baada ya kuielewa hatari yenyewe, hebu tuyatazame mambo ya kufanya.

Jambo la kwanza hufanywa nyumbani. Nchini Oman utabiri wa hali ya hewa hutolewa na idara iliyo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo pia inasimamia Kituo cha Taifa cha Tahadhari ya Mapema. Usitazame utabiri wa mji unaotoka, wala wa mahali unapokwenda tu. Tazama utabiri wa milima yote inayomimina maji yake katika wadi unayokusudia. Anayekwenda Wadi Shab, kwa mfano, huegesha gari lake karibu na bahari, lakini maji ya Wadi Shab yanatoka katika milima ya ndani asiyoiona. Ukisikia radi zinatarajiwa juu ya Hajar, badilisha safari. Oman ina ngome za Nizwa na Bahla, ina masoko, na ina fukwe ndefu. Wadi itakuwepo wiki ijayo.

La pili ni saa. Ingia mapema na utoke mapema. Kama vile mtelezaji wa theluji katika milima ya Ulaya anavyohakikisha amekwisha kushuka kabla ya jua kulainisha mteremko, ndivyo mtembezi wa Hajar anavyopaswa kuwa amekwisha kutoka katika korongo kabla ya mawingu ya alasiri kujijenga.

La tatu ni kuijua njia ya kupandia. Kabla ya kuingia sehemu nyembamba, simama na ujiulize: maji yakija sasa hivi, nitapanda wapi? Rudia suali hilo kila baada ya hatua kadhaa. Ukifika mahali ambapo kuta mbili zimesimama wima na huna jawabu, tambua kwamba kuanzia hapo uhai wako umeukabidhi kwa hali ya hewa ya mahali usipopaona. Waulize pia wenyeji. Mkulima wa mitende anayeishi juu ya wadi hiyo anajua mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote.

La nne linawahusu wanaolala nje. Mchanga laini wa katikati ya wadi ni kitanda kizuri, na ndiyo maana umewadanganya wengi. Tazama mikunazi na migunga iliyo pembezoni. Ukiona nyasi kavu, vijiti na vipande vya plastiki vimenasa katika matawi yaliyo juu ya kichwa chako, hiyo ni alama iliyoachwa na maji yaliyopita. Piga hema lako juu ya alama hiyo, tena juu sana.

La tano ni dalili. Maji yaliyokuwa maangavu yakianza kuwa na vumbi au rangi ya chai ya maziwa, yakianza kuchukua majani na vijiti, au ukisikia mngurumo kama wa lori linalokuja kutoka juu ya bonde, basi muda uliobaki ni wa kuhesabu kwa sekunde. Usikimbie kuelekea mdomo wa wadi, kwa sababu maji yatakushinda mbio. Panda. Acha mkoba, acha viatu, acha simu iliyokuwa inapiga picha. Waswahili husema maji hayapandi mlima, na hakuna mahali ambapo maneno hayo yana thamani kuliko hapo. Ukishafika juu, kaa huko. Wimbi la kwanza likipita huenda likafuatwa na jengine kutoka tawi jengine la wadi.

La sita ni la madereva, nao ndio wanaopaswa kulisikiliza zaidi. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu huweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi, hata yale marefu yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Gari huelea kabla ya kuzama, na gari linaloelea halina breki wala usukani. Juu ya hayo, maji ya matope huficha barabara. Huwezi kujua kama lami bado ipo au imekwisha kuchimbwa na kuchukuliwa. Katika vivuko vingi vya wadi nchini Oman kumesimamishwa nguzo zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu za kuonesha kina cha maji. Maji yakiifikia sehemu nyekundu, safari imekwisha. Zima gari, rudi nyuma hadi mahali pa juu, subiri. Wadi nyingi hupungua baada ya saa chache, na hakuna aliyewahi kufa kwa kuchelewa chakula cha usiku.

Gari likizimika ndani ya maji yanayopanda na bado kuna njia salama ya kufika ukingoni, tokeni mara moja na muliache gari. Likiwa limekwisha kuzungukwa na mkondo wa kasi, maji yakaanza kuingia ndani, pandeni juu ya paa na muombe msaada. Nambari ya dharura nchini Oman ni 9999. Mtu aliyechukuliwa na maji alale chali, atangulize miguu, na ajitahidi kusogea pembeni badala ya kushindana na mkondo. Na anayemwona mwenzake akizama asijitupe naye. Amtupie kamba, nguo ndefu, au chombo chochote kinachoelea. Misiba mingi ya maji huanza na mtu mmoja na kumalizika na watatu, kwa sababu ya ushujaa usio na mpango.

*

Inafaa kuashiria hapa kuwa sheria nazo zimekazwa. Nchini Oman, dereva anayeingia kwa makusudi katika wadi inayoteremka na kuhatarisha maisha huweza kushitakiwa. Katika nchi jirani ya Imarati, tangu mwezi Mei mwaka 2023, anayeingia katika bonde lililofurika hutozwa faini ya dirhamu 2,000, huwekewa alama 23 mbaya katika leseni, na gari lake huzuiwa kwa siku 60. Mabwawa nayo yamejengwa. Lile la Wadi Dayqah, karibu na Quriyat, lililozinduliwa rasmi mwaka 2012, linaweza kuhifadhi takriban mita za ujazo milioni 100 za maji. Lakini haiwezekani kujenga bwawa juu ya kila korongo, wala kumweka askari katika kila kivuko.

Waoman wa kale walilijua hilo. Ukitembelea vijiji vya zamani vya milimani, kama vile Misfat al Abriyyin, utaona nyumba zimekaa juu ya mwamba, na mashamba ya mitende yako chini yake. Maji waliyaleta kwenye mashamba kwa falaj, yaani mifereji iliyochimbwa kwa ustadi, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Waliyaita maji yaje kwao kwa kipimo, na hawakwenda kulala katika njia yake. Miji ya leo imetanuka haraka tangu mwaka 1970, na katika kutanuka huko baadhi ya nyumba, barabara na maduka vimejikuta katika mapito ya zamani ya wadi. Maji hayasahau mapito yake.

Ningependa kumalizia kwa kuzungumza na kundi moja la wasikilizaji wetu. Ninyi mliofika Oman hivi karibuni kutoka Afrika Mashariki, madereva, wafanyakazi wa majumbani, wanafunzi, wafanyabiashara, na ninyi mnaokuja kuwatembelea jamaa zenu ambao Kiswahili chao hakijawatoka tangu walipoondoka Zanzibar. Mmetoka katika nchi ambazo mto hutoa ilani. Mto Rufiji au Tana ukitaka kufurika, maji hupanda kwa siku, na watu hupata muda wa kuhamisha mbuzi na magunia. Wadi haina tabia hiyo. Ukipewa watoto wa watu uwapeleke shule au matembezini, na mbele yako pana maji yanayopita barabarani, una haki ya kusimama na kusema hapana, hata kama simu inalia na anayepiga ana haraka. Na ninyi wenyeji mliowaajiri au mliowakaribisha, waambieni mapema, kabla ya mawingu, kwamba hakuna atakayelaumiwa kwa kusimama. Huenda neno hilo moja, likisemwa sebuleni siku ya jua, likaokoa maisha ya watu siku ya mvua.

Mvua ni rehema, nasi tunaiomba inyeshe. Tunachotakiwa ni kuipokea tukiwa mahali pa juu.